Ndala za Fausti

Oliva alinipigia simu asubuhi kunijulisha kwamba mama yake amefariki, na kabla sijapata hata nafasi ya kumpa pole akaniomba nisije kufanya vituko msibani. Alisema kwa adabu, maana Oliva ni mwalimu mkuu na amezoea kuwaambia watu jambo baya kwa sauti nzuri. Dada Konso, alisema, kamati imeshakaa, ratiba imepangwa, fulana zimechapishwa, na wakwe wa mwanangu ni wageni na mambo yetu, wasije wakatuona wahuni. Wewe njoo ukae na sisi ndani kama ndugu. Nilimpa pole, tukalia pamoja kwenye simu, kisha nikaaga bila kuahidi chochote. Nilikaa jikoni kwangu na chai ikapoa mbele yangu. Mama Oliva amekufa, halafu mimi niende nikakae kimya ndani, nimevaa fulana yenye picha yake. Mimi, kati ya watu wote.

Kwa asiyejua, mimi ni Mngoni na Mama Oliva alikuwa Mpogoro, na makabila yetu ni watani. Mtani akifiwa, sisi ndio tunaokwenda kumharibia huzuni. Tunavaa nguo za marehemu, tunatembea alivyotembea, tunaongea alivyoongea, tunayasema mabaya yake yote mbele ya jeneza, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika anatozwa faini na kuomba radhi, na kama ni mtu mzima anachekwa maisha yake yote. Nimewahi kuwaona wazee wenye heshima zao wakitukanwa na watani kaburini na wakavumilia huku machozi yanawatoka. Mimi sikuvumilia. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na mtani niliyemkasirikia ndiye huyu ambaye leo wanataka nimzike kistaarabu.

Tulikuwa tumepanga chumba na sebule Vingunguti, katika nyumba yenye korido ndefu ya sakafu ya saruji, wapangaji huku na huku, na uani bomba moja tuliloligombania wote. Upepo ukigeuka ulituletea harufu ya machinjioni, na wageni waliokuja kututembelea walikuwa wanaziba pua huku sisi tunaendelea kula. Mimi na kaka yangu Fausti tulilala sebuleni, tumetenganishwa na pazia la maua mekundu ambalo mama alilifunga kwa kamba siku alipoona nimeanza kukua. Fausti alikuwa kidato cha nne. Kila jioni kabla ya kulala tulizungumza kupitia pazia lile, yeye hanioni na mimi simwoni, na nadhani ndiyo maana tuliweza kuambiana mengi. Alipenda ukoko kuliko wali wenyewe. Alikuwa na ndala za bluu ambazo alizivaa kwa maringo fulani aliyojiokotea uwanjani kwa wacheza mpira wakubwa, akiburuza mguu, kwaru, kwaru, korido nzima, hata ukiwa uani unajua Fausti amerudi. Mama hakuwahi kuuzoea mlio ule. Kila siku alipaza sauti kutoka jikoni: "Fausti, nyanyua miguu, hii nyumba ya watu."

Malaria ilimpanda kichwani, na kabla wiki haijaisha tulikuwa tumeshamzika. Sitaki kuisimulia wiki hiyo. Nitasimulia yaliyofuata, kwa sababu hayo ndiyo yaliyonifanya niwe hivi nilivyo. Watu walijaa. Wanawake walikaa kwenye majamvi ndani na koridoni, wanaume nje chini ya turubai, na kila aliyeingia alinishika bega akaniambia nijikaze. Nijikaze kwa sababu mama anahitaji msaada. Nijikaze kwa sababu mimi sasa ndiye niliyebaki. Mama mmoja wa jumuiya ya kanisani alinivuta kifuani kwake akaniambia Mungu amempenda Fausti zaidi kuliko sisi. Nikamjibu kwamba basi angempenda kidogo tu, ingetosha. Akaniachia kama aliyeshika sufuria la moto. Nililisikia jibu langu likisambaa korido nzima kwa minong'ono, na ile ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo nikajisikia nina nguvu.

Mama Oliva alikuwa anakaa chumba cha mbele yetu. Aliuza supu ya utumbo kibandani karibu na machinjio, mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Supu yake aliionja kwa kuidondoshea kiganjani, anailamba, halafu anafumba jicho moja kama anayeangalia tundu la sindano. Mchana, wakati tunasubiri chakula, alitokea chumbani kwetu amevaa shati la shule la Fausti, vifungo vimekataa kufungika, na miguuni ana zile ndala za bluu. Akaanza kutembea koridoni katikati ya wafiwa akiburuza miguu, kwaru, kwaru, kwaru. "Mama," akaita kwa sauti ya mvulana, "wali umeiva? Ukoko wangu kaula nani? Mie nikifa njaa humu mtanizika na nini?" Korido nzima ikaangua kicheko. Shangazi zangu walicheka wakashikana. Na mama yangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameegemea ukuta kama gunia tupu, mama yangu alicheka.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka kiganja changu kilivyowaka baada ya kumnasa Mama Oliva kibao cha shavu, na kimya kilichofuata, hata mtoto mchanga aliyekuwa analia alinyamaza. Mama Oliva alijishika shavu akaniangalia kwa makini. Wenye kelele walikuwa wengine. Baba mkubwa, aliyekuwa ndiye msemaji wa ukoo, aliingia kutoka nje akaniambia nipige magoti hapohapo niombe radhi, kwani kumpiga mtani msibani ni jambo ambalo yeye na mvi zake zote hajawahi kuliona. Nikamwambia sipigi. Akaniambia kuku wa faini atatoka, lakini radhi lazima itoke kinywani mwangu mwenyewe. Nikamwambia basi atasubiri sana. Baba alinitoa nje kwa mkono akanikalisha nyuma ya choo, akabaki amesimama pale ananitazama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu.

Matanga yalipoanuliwa, Fausti aliondolewa nyumbani kwa haraka iliyonitisha. Godoro lake lilipewa binamu. Pazia lilishushwa, maana halikuwa na kazi tena, na sebule ikawa pana kiasi kwamba sikujua nilale upande gani. Daftari zake ziliuzwa kwa muuza karanga afungie. Na jina lake likaacha kutajwa. Hakuna aliyekataza, lakini baba alianza kusema "yule mwenzenu," kisha akaacha hata hilo. Mama alianza kumwaga maji kwenye sufuria la wali mara tu alipomaliza kupakua, ukoko ukalowa na kupewa kuku wa jirani. Siku moja nikiwa nimelala nikawasikia chumbani. Baba alikuwa anasema tusimtaje mbele ya Konso, yule mtoto hajawahi kulia, atachanganyikiwa. Mama akajibu kwamba yeye hamtaji kwa ajili ya baba. Nikakaa kitandani nimekodoa macho. Watu wazima wawili wanamficha mtoto wao waliyemzaa, kila mmoja anamhurumia mwenzake, na mimi wananihesabu kama sababu. Niliwachukia usiku ule. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Shuleni nikawa mtu mwingine. Nilikuwa nimebakiwa na fulana yake moja ya ndani iliyotoboka kwapani, nikaivaa chini ya blauzi kila siku mpaka ikaanza kunuka, na mwalimu wa nidhamu aliponiamuru niivue nilimwambia anivue yeye. Nilichapwa. Kwenye kipindi cha dini niliuliza swali ambalo lilinitoa darasani kwa muhula mzima, na kusema kweli nililifurahia benchi la nje kuliko dawati. Rafiki zangu walinisubiri nirudi kuwa Konso wa zamani, wakachoka, wakapata wengine. Kwenye foleni ya bomba niliwasikia wapangaji wakisema yule mtoto ana roho ngumu, kaka yake kafa na chozi halijamtoka, halafu kampiga mama wa watu. Nilijaza ndoo yangu mpaka ikamwagika kwenye miguu yao.

Kilichonitesa kuliko vyote kilikuwa kile cha asubuhi. Kwa desturi mtani huondoka na alichokivaa, kwa hiyo shati na ndala vilikuwa vya Mama Oliva, na ndala alizivaa. Kila alfajiri alipotoka kwenda kuwasha moto wa supu alipita koridoni mbele ya mlango wetu akiziburuza, kwaru, kwaru, kwaru. Mama alikuwa anakoroga uji wakati huo. Mwiko ulisimama. Ulisimama mpaka mlio ulipofika mlango wa nje ukapotea, ndipo ukaendelea. Niliamini anafanya makusudi, kutulipizia kibao. Kwa hiyo na mimi nikamlipizia kwa silaha niliyokuwa nayo: sikumwamkia. Nilikutana naye uani, koridoni, dukani, kanisani, mbele ya watu, nikampita kama nguzo. Mtu ambaye hajakulia kwetu hawezi kuelewa ukubwa wa jambo hilo. Mama alinisihi, baba akanitishia, katekista akaitwa. Nilikuwa tayari kuchapwa kila siku kuliko kumpa yule mwanamke shikamoo.

Masika ilipoingia, Jumamosi moja alasiri nikiwa peke yangu nyumbani, nikaziona ndala mlangoni kwake, zimepangwa sambamba, na mlango uko wazi nusu. Nikajua nitakachofanya. Niliinama nikazichukua. Miaka yote niliyoishi na Fausti sikuwahi kuzishika ndala zake mkononi.

"Mwizi wa Kingoni huyo," sauti ikatoka ndani. "Ingia basi, usisimame hapo."

Niliingia kwa hasira. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anasafisha utumbo ndani ya beseni, mikono imemezwa mpaka kwenye viwiko, na chumba kizima kinanuka ndimu na tangawizi. Shati la Fausti lilikuwa limetundikwa ukutani kwenye msumari, limefuliwa, limepigwa pasi. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta amelifanya tambara la kushikia masufuria. Kwa kuwa sikuwa na neno lolote jingine, likanitoka lile lililokuwa limenikaa kooni tangu msibani.

"Ulikosea mguu."

"Mguu gani?"

"Siku ile. Uliburuza yote miwili, na mpaka leo unaburuza yote miwili. Fausti alikuwaga anaburuza wa kulia tu."

Mama Oliva aliacha kuosha. Alijifuta mikono kwenye kanga, akazichukua ndala kutoka kwangu, akazigeuza. Ya kulia ilikuwa imelika kisigino mpaka unaona kidole chako upande wa pili. Ya kushoto ilikuwa imeanza tu kulika. Alizitazama kwa muda mrefu, kama anavyoitazama nyama anayotaka kuinunua.

"Kweli bwana," akasema. "Sasa si ungesema, kuliko kuninasa vibao mbele za watu?"

"Nitasemaje na nyie mnacheka?"

"Mie sikucheka. Waliocheka ni wenu." Kisha akazirusha miguuni pangu. "Haya, nionyeshe huyo mjinga wenu alikuwa anatembeaje. Usinionee aibu, mie si mwalimu wako."

Nilivaa ndala za kaka yangu nikatembea, kutoka kitandani kwake mpaka mlangoni. Mara ya kwanza nilikosea na mimi, maana maringo yenyewe yalikuwa kwenye bega, siyo mguuni. Ilibidi ulishushe kwanza ndipo mguu ufuate. Mara ya pili nikapatia. Mlio ukatoka vilevile, na nikiwa nimempa mgongo Mama Oliva nikaanza kulia, siyo kilio cha heshima cha msibani, bali cha makamasi, nimeshika fremu ya mlango. Hakunikumbatia. Hakuniambia nijikaze. Aliendelea kuosha utumbo wake, na nilipotulia akaniuliza, "Na ukoko alikuwa anaulia kwenye sufuria au anawekewa?" Nikamwambia anaulia kwenye sufuria, kwa kijiko cha baba. Akaniuliza kama alikuwa anaimba. Nikamwambia vibaya sana. Akaniuliza kama alikuwa na msichana, nikamwambia alikuwa naye, na jina lake nikamtajia, siri ambayo ilipitia kwenye pazia na ambayo nilikuwa nimeibeba peke yangu miezi yote hiyo. Aliniwekea bakuli la supu, akaionja kwanza kiganjani na kufumba jicho lake lile, akanipa. Ilikuwa na pilipili ya kutosha kumfufua mtu.

"Kila asubuhi unatupitishia mlango makusudi," nikamwambia nikiwa nakula.

"Makusudi kabisa. Nyie Wangoni mnazika mtu mara mbili. Mie nimeshamvaa, siwezi kumvua kwa sababu nyie mmeona aibu."

Tangu siku hiyo nilikuwa naenda kwake kila Jumamosi, na tulichofanya hakikuwa kingine ila kumsengenya marehemu. Asubuhi koridoni mlio ukabadilika: hatua moja kimya, hatua moja kwaru. Mama akakoroga uji, mwiko ukasimama, na safari hii akageuza kichwa kuelekea mlangoni. Akaniangalia.

Mwaka ulipotimia tukasomesha misa, na baada ya misa watu wakaja nyumbani kula. Mama alipika wali, na nikamwona ameshika jagi la maji juu ya sufuria, tayari kulowesha. Baba mkubwa alikuwa ameshaketi kwenye kiti kikubwa, na hata kabla hajanawa alikuwa ameniuliza kama akili zimenirudi, kwa sababu radhi yake bado anaidai. Ndipo mlango wa nje ulipofunguka. Hatua kimya, hatua kwaru. Bega limeshuka. Mama Oliva katika shati lililopigwa pasi, vifungo bado vinakataa, akaja koridoni taratibu, na safari hii hakuna aliyecheka kwa sababu hakuwa anachekesha. Alikuwa ni yeye. Baba aliinuka kwenye kiti. Na mama yangu, bila kugeuka, mgongo wake ukiwa kwetu na jagi likiwa mkononi, akapaza sauti:

"Fausti, nyanyua miguu, hii nyumba ya watu."

Alipojisikia, aliweka jagi chini akakaa sakafuni. Baba alikwenda akakaa naye palepale, na suruali yake ya misa. Walilia mbele ya wageni, wakalitaja jina, wakalirudia, na walipomaliza mama aliinuka, akachukua kijiko cha baba, akakwangua ukoko, akampa Mama Oliva sufuria zima. Mpaka jua linazama watu walikuwa wanamsimulia Fausti. Baba alitoa kisa ambacho hata mimi sikukijua, cha Fausti na mbuzi aliyetoroka machinjioni, na akacheka mpaka akakohoa. Baba mkubwa hakusahau radhi yake. Nikamwambia mbele ya wote kwamba siombi, na Mama Oliva, mdomo umejaa ukoko, akamwambia aniache, kibao kile ni cha kwake na anakitaka hivyohivyo. Asubuhi iliyofuata nilimwamkia shikamoo. Alijibu marahaba kama vile sijawahi kumnyima.

Nimekwenda msibani Kibamba, alikohamia Mama Oliva uzeeni kwa bintiye. Turubai jeupe, viti vimevishwa vitambaa, mshereheshaji ana kipaza sauti. Nilikaa ndani kama nilivyoombwa, nimevaa fulana kama nilivyoombwa, nikasikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa. Marehemu alikuwa mama mpole, mnyenyekevu, mwenye maneno machache. Nikawaangalia waliokuwa wananizunguka, wote wameinamisha vichwa. Maneno machache! Mwanamke aliyekuwa anainadi supu yake mpaka wachinjaji wa upande wa pili wanaacha visu! Walikuwa wanazika mtu mwingine kabisa, kwa unadhifu mkubwa, na ratiba ilikuwa inakwenda vizuri. Niliinuka. Nilikwenda chumbani kwake nikajifunga kanga yake juu ya hiyo fulana yao, nikapita jikoni nikachukua upawa, nikaingia chini ya turubai mshereheshaji akiwa katikati ya sentensi.

"Nani kaniita mpole?" nikasema kwa sauti yake. "Huyo mwenye kipaza sauti ana deni la supu?"

Mshereheshaji alishusha kipaza sauti. Wakwe walikaa wima kama waliopigwa picha. Oliva alijifunika uso kwa mikono na mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka, wala sikujali. Nilimpitia padri nikamuuliza kama atakunywa ya utumbo au ya kongoro. Nilikoroga hewa kwa upawa, nikajidondoshea kiganjani, nikalamba, nikafumba jicho.

Kutoka safu ya wajukuu msichana mmoja akasimama. Alikuwa na umri uleule niliokuwa nao siku ya kile kibao. Fulana yake aliivaa nyuma-mbele, picha ya bibi yake iko mgongoni, na hakuna mtu aliyekuwa amethubutu kumwambia aigeuze. Alikuja kwangu moja kwa moja, ngumi zimekazwa, na kwa macho yake nilijua kabisa kinachokuja. Sikurudi nyuma. Nilimsogezea shavu.

"Sio jicho hilo," akasema. "Bibi alikuwaga anafumba la kushoto."

Nikampa upawa. "Haya," nikamwambia, "nionyeshe."